Jumamosi Bahari Iko Aje?

Tangu Jumatatu inboksi yangu ina swali moja tu. Nimehesabu, watu kumi na saba. "Kaka, Jumamosi bahari iko aje?" Wengine hata salamu hawana, wanaandika tu "mawimbi yako?" na kuniwekea kile kikatuni cha mtu juu ya bodi.

Kabla ya mwaka jana ningewajibu wote kwa neno moja. Iko poa. Ama haiko poa, kaeni nyumbani mtazame mpira. Siku hizi sijibu hivyo, na leo nitawaambia kwa nini, hata kama stori yenyewe inaniaibisha. Lakini wacha nianze na hali ya bahari, kwa wale waliokuja hapa kwa hiyo tu.

Tunaongea juu ya ghuba ya Malindi, ule upande wazi wa mchanga unaoelekea Sabaki. Kusi bado inavuma. Programu ninayotumia inasema mawimbi ya mita 1.5, yakifuatana kila sekunde 8. Upepo unatoka kusini mashariki: alfajiri umelala, ikifika saa sita unakimbia kama kilomita 30 kwa saa. Mvua ipo, ile ya asubuhi ya dakika kumi inayokulowesha halafu jua linatoka kama hakuna kilichotokea. Na mwezi ni mpevu leo Alhamisi, kwa hivyo Jumamosi ni bamvua. Maji yatajaa kwenye saa kumi na moja alfajiri, yatakupwa mpaka karibu saa tano, halafu yarudi kujaa jioni.

Hizo ndizo namba. Sasa ukiniuliza kama iko poa, mimi nakuuliza: wewe ni nani, unaingia saa ngapi, na unajua kuogelea?

Mwaka jana, wikendi kama hii hii, niliandika posti. Nilikuwa nimeanza kupata watu, kila posti ya mawimbi inasambaa, na nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu iliyokuwa imepita, kwa hivyo kila mtu aliyebonyeza moyo pale chini alikuwa ananiambia sikukosea. (Nilikosa karo, si kwamba niliamka nikaamua. Lakini ukishaacha unajifunza kuiambia hiyo stori kama uamuzi.) Niliandika: mawimbi mita moja na kitu, jua, upepo si mwingi, kujeni. Halafu nikaongeza mstari mmoja wa kujali watu. Niliandika hivi: "Kama hujui kuogelea vizuri, usiingie pale yanapovunjika. Tafuta pale maji yametulia."

Kama wewe ni mtu wa bahari umeshashika kichwa. Kwa wengine, wacha nieleze.

Mimi nimekulia Watamu. Watamu, Kilifi, Diani, sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe huko mbele. Mawimbi yanajivunjia kule kwenye mwamba na huku ndani maji yanabaki kama ya karai. Mtoto wa huko anajifunza kitu kimoja mapema: palipotulia ndipo salama. Lakini ghuba ya Malindi si hivyo. Mto Sabaki unamwaga maji baridi ya mto na tope pale karibu, na matumbawe hayapendi vitu hivyo viwili, kwa hivyo pale mbele hakuna mwamba wa kukukinga. Wimbi linatoka huko nje mpaka kwenye mchanga bila kusimamishwa na mtu. Ndiyo sababu tunapapenda na bodi zetu. (Na huo Sabaki ni ule ule Athi wa kwenu huko juu, umebadilisha jina njiani. Maji yakiwa ya kahawia wakati wa mvua, kuna Nairobi kidogo ndani.)

Sasa, wimbi likivunjikia mchangani maji yanapanda ufuoni, na lazima yarudi baharini. Hayarudi kila mahali sawasawa. Yanatafuta njia, kawaida bonde fulani katikati ya mafungu mawili ya mchanga, halafu yote yanapita hapo kwa pamoja kama watu wanaotoka uwanjani kwa lango moja. Huo ni mkondo wa kurudi. Na kwa sababu pale bondeni kina ni kirefu kidogo, wimbi halivunjiki. Kulia povu, kushoto povu, katikati pametulia, panapendeza, kama umetandikiwa mkeka.

Hapo ndipo nilipowatuma watu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipajua. Kila asubuhi nilikuwa napatumia. Sisi wa bodi tunaipenda hiyo njia, unalala juu ya bodi, maji yanakubeba mpaka nyuma ya mawimbi bure, huchoki. Niliiita lifti. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza lifti hiyo inamfanyia nini mtu asiye na bodi.

Alikuja kijana mmoja na wenzake kutoka Nairobi. Simtaji, na msimtafute. Waliingia saa nne asubuhi, maji yakiwa yanatoka, na kwa sababu ni mtu makini, si mlevi, si mjuaji, alisoma posti yangu na kufuata. Alitafuta palipotulia. Alikuwa kwenye maji ya kiuno, akapigwa na wimbi kidogo, akapoteza mchanga chini ya miguu, na alipotafuta kusimama tena hapakuwa na chini. Akafanya kile ambacho kila mtu angefanya, akaanza kuogelea kurudi ufuoni moja kwa moja kwa nguvu zake zote.

Mkondo wa namna hii ukiwa na nguvu unaweza kukimbia mita 2 kwa sekunde. Muogeleaji wa Olimpiki akishindana nao ana kwa ana anabaki palepale, anapunga mikono. Yeye alikuwa amejifunza kuogelea kwenye dimbwi la shule, mara mbili kwa muhula.

Mimi sikuwepo. Niliyasikia baadaye kutoka kwa wavuvi wawili waliokuwa wakikunja nyavu zao. Mmoja alichukua jerikeni tupu la lita 20, akafunga kifuniko, akaingia nalo kwenye mkondo ule ule, akaacha maji yampeleke mpaka alipo yule kijana. Hakumshika mwili. Alimsukumia jerikeni. Wakalikumbatia wote wawili, wakapelekwa mpaka nyuma ya mawimbi, mkondo ukawaachia, halafu wakazunguka kwa upande na kurudi na povu mbali kabisa na walikoingilia. Alilazwa usiku mmoja kwa sababu ya maji aliyomeza. Akapona.

Siku ya pili usiku akaniandikia. Maneno matatu tu: "Bro, ulisema pametulia."

Nitawaambia nilifanya nini kwanza. Nilifuta posti. Kabla ya kumjibu, kabla ya kumuuliza yuko wapi na anaendeleaje, nilienda nikafuta ile posti ili mtu mwingine asiione. Ilikuwa na watazamaji wengi kuliko chochote nilichowahi kuandika. Kisha nikakaa na simu mkononi karibu saa nzima, nikamwandikia pole, yeye akajibu "sawa", tukanyamaza miezi kumi.

Baadaye nilianza kusoma namba zangu vizuri, kwa aibu tu. Chuoni nilikuwa nasomea takwimu. Mwaka mmoja na nusu. Mhadhiri alikuwa anarudia mpaka tunachoka: ukipewa wastani, uliza ni wastani wa nini. Nikapita mtihani huo, nikaenda zangu kuandika "mita 1.2" kwenye posti kama vile bahari ina wimbi moja linalojirudia.

Ile namba unayoiona kwenye programu ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile ya makubwa zaidi. Yaani yako mengi madogo kuliko hiyo, na yako mengine makubwa kuliko hiyo, na hilo si kosa la programu, ndivyo hesabu ilivyo. Katika mawimbi elfu moja, tarajia huko nje kuna moja linalokaribia mara mbili. Kwa mawimbi ya kila sekunde 8, elfu moja yanapita kwa saa mbili na dakika kama kumi na tatu. Kwa hivyo Jumamosi, mita 1.5 ni ahadi ya mita 1.5 mara nyingi, na karibu mita 2.8 mara moja kabla hujamaliza kula viazi karai.

Zile sekunde nazo si pambo. Mita moja ya sekunde 6 ni bahari iliyochafuka tu, inakupiga makofi. Mita moja ya sekunde 12 imetoka mbali, imebeba maji mengi nyuma yake, na ikivunjika inakuja na mzigo wote. Watu wanasoma urefu peke yake kwa sababu ndio rahisi kuupiga picha.

Na hakuna programu inayojua mafungu ya mchanga ya ghuba yetu. Yanahama. Lile bonde lililomvuta mwaka jana leo halipo, lipo lingine kama hatua mia mbili kaskazini yake. Nimeenda kuliangalia jana na leo asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kuwapa ambalo simu zenu haziwezi.

Sasa tusikizane kuhusu Jumamosi. Wengi wenu mnapanda treni ya usiku, inawashusha Mombasa alfajiri, mnakamata matatu, kufika saa mbili au saa tatu mko ufuoni mmeshavua viatu. Hewa imetulia, upepo bado, picha zitatoka safi. Na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Bamvua hapa kwetu inaweza kutofautiana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na hayo maji yote yatakuwa yanatoka kuanzia alfajiri mpaka saa tano, na kadiri yanavyoshuka ndivyo bonde linavyozidi kuvuta. Kunyweni chai. Lala kidogo. Tembeeni mpaka mnara wa Vasco da Gama mpige picha zenu na Mreno.

Wenye bodi na uzoefu, mimi naingia saa moja kasoro, kabla maji hayajashuka sana, natoka kabla ya saa tatu. Wanaojifunza, tukutane saa saba na nusu mchana maji yakirudi. Upepo utakuwepo, mawimbi yatakuwa ya fujo, hakuna atakayependeza kwenye video. Ni sawa. Asiyejua kuogelea anabaki kwenye maji ya magoti, na simaanishi magoti ya rafiki yako mrefu.

Ukibebwa, usipigane. Lala chali, uelee, inua mkono. Mkondo haukuzamishi, unakupeleka tu, na ukipita pale mawimbi yanapovunjika unaanza kukuachia. Kama una nguvu, ogelea kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka uone povu, halafu rudi nalo. Na ukimwona mwenzako anabebwa, usimrukie mikono mitupu, mtapotea wawili. Tafuta kitu kinachoelea.

Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa pwani kabla ya Jumamosi, haya yote yamefutika, hatuingii. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Tanzania, serikali ikasimamisha kuogelea na uvuvi, na bado kuna watu walienda kupiga video. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sitarudia.

Mmoja wa wale kumi na saba ni yeye. Aliniandikia Jumanne, mara ya kwanza tangu ile "sawa". Anasema amekuwa akijifunza kuogelea, dimbwi lakini mwalimu wa kweli, kila Jumapili, na wanakuja watu sita. Aliuliza swali lile lile la wengine wote. Sijamjibu mpaka sasa kwa sababu nilitaka kuliandika lote kwanza.

Ndugu yangu, saa saba na nusu, si saa tatu. Kuna mnazi umeinama upande wa kaskazini wa mahali wavuvi wanapoegesha mashua, nitakuwa chini yake. Nitakuja na jerikeni mbili, na nitakuonyesha bonde liko wapi kabla ya mtu yeyote kuvua shati.