Maji Yasiyovukwa

Ukitoka Konde, hapa Pemba, mikarafuu huanza kupungua, kisha Msitu wa Ngezi unakufunika mara moja. Joto linabaki barabarani. Nilisimama ndani ya msitu asubuhi nzima, shingo juu, nikimtafuta kima punju.

Walioletwa walikuwa 14, kutoka Unguja, mwaka 1973 na 1974, ili mbegu yao isipotee. Hadi leo hawajawa wengi. Sikumwona hata mmoja.

Waliposhushwa hapa, hawakujengewa ua. Wa nini, na bahari ipo?

Bahari ipo. Maneno hayo yamenikaa kifuani tangu niliposoma jinsi wanyama wanavyofugwa ughaibuni. Mwaka 1907, karibu na Hamburg, Carl Hagenbeck aliondoa nondo, akachimba handaki baina ya mnyama na mtazamaji. Jicho likaona uwazi. Kwa gorila, bustani nyingine zikajaza handaki maji, kwa kuwa gorila hajui kuogelea. Nondo zilipoondoka, aliyepumua ni nani: aliyemo ndani, au aliyekata tiketi?

Mwaka 1951, New York, gorila aitwaye Makoko alitumbukia katika maji hayo, akazama. Mei 28, 2016, huko Cincinnati, mtoto wa miaka mitatu alipenya uzio, akaangukia handakini. Gorila aliyemshika alikuwa na miaka 17. Akapigwa risasi, mtoto akaokolewa. Jina la gorila huyo, Harambe. Wito wetu, wa watu kuvuta kamba moja, ulikwenda kufia shimoni, mbali na kila anayeuitikia.

Mtoto yule ilikuwa lazima apone. Hilo silitilii shaka. Linaloniumiza ni shimo lenyewe, lililokuwapo kabla ya wote wawili. Baadaye uzio ulipandishwa. Lakini kimo gani kinatosha? Na ndani, ekari ngapi zinamtosha aliyeumbiwa kutembea msituni kutwa, akila, akisogea, akitandika majani mapya kila jioni mahali alipofikia?

Sisi Wapemba twayajua maji. Ndiyo njia yetu ya Unguja, ya Tanga, ya Mombasa. Ndiyo kitoweo. Na tangu usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, ni kaburi lisilo na mahali pa kusimama ukasoma Fatiha. Sifananishi msiba na msiba. Nafikiri tu juu ya ukingo. Mtu akifika ukingoni hujua ng'ambo kuna nini, na nani anamngoja. Kima akifika kwenye mkoko wa mwisho, huona nini? Je, wale 14 waliwahi kuinusa Unguja katika upepo wa kusi? Watoto wao je, waliozaliwa hapahapa, wamepotelewa na kitu wasichokijua?

Nilitoka msituni hadi ufukwe wa Vumawimbi. Maji yalikuwa yamekupwa. Dau moja limelala ubavu mchangani, likingoja yajae.