Charlie Wawili, Godoro Moja

Kuna orodha ambayo ukiacha chuo lazima utatumiwa. Iko WhatsApp, iko TikTok, iko midomoni mwa wale wahamasishaji wa suti za kubana. Bill Gates aliacha Harvard. Mark Zuckerberg akaacha Harvard hiyo hiyo. Steve Jobs aliacha Reed. Mwishoni kuna emoji ya moto na maneno ya kukutia moyo. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na nimetumiwa hiyo orodha mara nyingi hadi naijua kama nambari yangu ya kitambulisho.

Sina ubaya nayo. Wanaoituma wanataka nijisikie poa. Shida yake ni moja tu: inakuonyesha mtu akiruka, haikuonyeshi alichotandikiwa chini.

Ningeruhusiwa kuongeza jina moja pale, ningemweka Charlie Barnet. Najua, hujawahi kumsikia. Hata mimi nilimkuta usiku mmoja nikiandika makala elfu mbili za mteja kuhusu vichungi vya maji, muziki ukicheza wenyewe YouTube, wimbo mmoja ukileta mwingine. Ghafla saksofoni ikaingia kama mtu aliyechelewa sherehe na hana haja ya kuomba msamaha. Wimbo ulikuwa Cherokee. Nikaacha vichungi nikaanza kumsoma huyu jamaa.

Barnet alizaliwa New York mwaka 1913. Babu yake mzaa mama, Charles Daly, alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya reli ya New York Central, enzi ambazo reli ndizo zilikuwa pesa yenyewe. Kijana alilelewa huko kwa mamake na babu, akapelekwa shule za bweni za bei. Familia ilitaka awe wakili wa makampuni. Yeye alitaka saksofoni. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anaongoza bendi kwenye meli za abiria zinazovuka Atlantiki, na mwaka 1933, kabla hajafika miaka 20, alikuwa na bendi yake New York. Uwakili ukabaki ndoto ya wazee.

Hadi hapo ni hadithi ya orodha yetu: kijana kafuata moyo wake. Lakini hebu tufanye hesabu ya bendi kubwa ya swingi, ile jazi ya kuchezewa dansi iliyotawala Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Unahitaji tarumbeta nne hivi, tromboni tatu au nne, saksofoni tano, piano, gitaa, besi na ngoma. Hao ni watu 15 na zaidi, na wote wanakula. Wanahitaji mshahara, suti zinazofanana, na basi la kuwatoa mji mmoja hadi mwingine. Kila wimbo lazima uandikiwe upya, kila mpigaji na karatasi yake, na anayeandika naye analipwa. Usipopata shoo wiki mbili, deni ni lako wewe kiongozi, jina lako ndilo lililoandikwa kwenye bango.

Bendi ya Barnet haikulipuka mara moja. Kwa miaka kadhaa ilivunjika ikaundwa tena, na haikuwa na wimbo wa kutingisha nchi. Ukiwa mtoto wa mtu wa kawaida, mwaka wa pili wa mambo hayo unarudi nyumbani kuuza duka. Yeye aliendelea tu. Julai 1939 akarekodi Cherokee, wimbo uliotungwa na Mwingereza Ray Noble, ukipangiwa ala zake na Billy May. Huo ndio ukampa jina.

Miezi mitatu haikuisha. Tarehe 2 Oktoba 1939 bendi ilikuwa na kazi Los Angeles kwenye ukumbi wa Palomar, ule ule ambao Benny Goodman aliuwasha mwaka 1935 na watu wakasema swingi imefika. Ukumbi ukashika moto. Ala za bendi zikateketea, na zile karatasi za muziki nazo. Kwa kiongozi mwingine hiyo ni tangazo la kifo. Kwa Barnet lilikuwa pigo kubwa, lakini bendi ilirudi jukwaani.

Hilo ndilo naliita godoro. Halikupigii saksofoni; Barnet alijua kupiga, msikilize mwenyewe. Linachofanya ni kuhakikisha kwamba ukianguka, unaanguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado una mgongo.

Sasa kuna Charlie wa pili, na huyu pengine unamjua.

Charlie Parker alizaliwa Kansas City mwaka 1920. Mamake alikuwa akisafisha ofisi usiku, na ndiye aliyemnunulia saksofoni. Parker naye aliacha shule, akiwa na miaka 15 hivi, na yeye pia kwa sababu ya saksofoni. Kwenye orodha angesimama safu moja na Barnet: wote Charlie, wote saksofoni, wote waliacha masomo. Mwaka 1939, Barnet akivuma na Cherokee, Parker alikuwa Harlem akiosha vyombo kwenye mkahawa ambao Art Tatum alipiga piano.

Na hapa ndipo wanakutana. Cherokee ni wimbo mgumu. Katikati yake sauti zinahama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine kabla hujatulia. Parker aliung'ang'ania huo wimbo hadi akapata ndani yake njia mpya ya kupiga. Novemba 1945 alichukua mfuatano wa sauti zake, akatupa melodia, akarekodi kitu kwa kasi ya kutisha na kukiita Ko-Ko. Mwanafunzi yeyote wa jazi leo lazima apite pale. Wimbo uliompa Barnet umaarufu ndio uliompa Parker lugha mpya.

Parker alikufa tarehe 12 Machi 1955 akiwa na miaka 34. Daktari aliyeuona mwili alikisia umri wa zaidi ya miaka 50. Barnet alikufa mwaka 1991 akiwa na 77.

Sitaki kurahisisha. Parker alishikwa na heroini akiwa bado kijana mdogo, na pesa haimwokoi kila mtu kwa hiyo kitu. Lakini pia alikuwa mtu mweusi Marekani ya wakati ule. Mwaka 1951 alinyang'anywa kibali cha kufanya kazi kwenye vilabu vya New York, yaani mji uliokuwa ofisi yake. Akipungukiwa aliweka saksofoni rehani. Charlie mmoja akikosa kazi alikuwa na familia ya reli. Mwingine akikosa kazi alikuwa na saksofoni, na hata hiyo ilikuwa kwa mwenye duka la rehani.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala ya kumchukia mtoto wa tajiri, na hizo zinaandikika haraka. Kilichonizuia ni swali la pili: huyu Barnet godoro lake alilifanyia nini?

Aliwaajiri wanamuziki weusi wakati ambapo viongozi wengi weupe waliogopa kufanya hivyo. Si mmoja wa kupiga naye picha. Kwa miaka, mmoja baada ya mwingine: Frankie Newton, Peanuts Holland, Trummy Young, Oscar Pettiford kwenye besi, Clark Terry kwenye tarumbeta. Bendi yake ilikuwa kati ya bendi za kwanza za weupe kupiga Apollo, Harlem, mbele ya hadhira ambayo haikuwa na huruma na mtu anayebahatisha. Mwaka 1941 Lena Horne aliimba naye, akiwa hajawa nyota wa filamu. Kuna hoteli zilizokataa kumlaza, na kuna kumbi ambazo hazikutaka bendi ya namna hiyo. Kila mlango kama huo ukifungwa ni shoo imekufa, na mshahara wa watu 15 bado uko palepale.

Kiongozi asiye na kitu angeweza kusema, "Ningependa, lakini siwezi kumudu." Barnet angeweza kumudu, kwa hiyo hakuwa na hicho kisingizio. Matajiri wengi wanacho hata wakiwa na pesa.

Si malaika. Alioa mara 11. Na mwaka 1949, mtindo ulipogeuka na bendi kubwa zikianza kuwa mzigo, aliivunja yake akapumzika, kwa sababu aliweza kupumzika. Waliokuwa wakimpigia waliamka kesho yake kutafuta kazi. Godoro lilikuwa la kwake, wengine walilaliwa nalo kwa muda tu.

Haya yote yasingenisumbua kama si binamu yangu mdogo. Yuko mwaka wa pili, anatengeneza biti kwenye laptopu ya kuazima, na biti zake ni kali, sisemi kwa sababu ya damu. Mwezi uliopita alinipigia. "Cuzo, wewe uliacha na uko sawa. Nikiacha utaniombea mathe asikasirike?"

Niko sawa. Nilikaa na hilo neno. Nilipoacha chuo, Anti yangu wa Umoja alinipa kona ya sebule na godoro, godoro la kweli, la sponji, tatu kwa sita, lililosimamishwa nyuma ya kochi mchana na kulazwa usiku taarifa zikiisha. Nililala pale miezi 19. Hakuniuliza kodi hata siku moja. Aliuliza tu kama nimekula. Makala zangu za kwanza zililipa shilingi 300 moja, na zikaniweka mjini kwa sababu sikuwa nalipia kitanda, stima wala ugali. Watu wakiniambia nilijitoa mwenyewe, namfikiria huyo mama.

Kwa hiyo binamu sikumtumia orodha. Sikumwambia aache, sikumwambia abaki. Nilimuuliza maswali ya hesabu ya bendi. Ukikosa kazi miezi sita utalala kwa nani? Laptopu ikiharibika nani atainunua? Je, chuo kitakuruhusu usimamishe mwaka mmoja badala ya kuondoka kabisa? Alinyamaza kwa muda, kisha akasema ataulizia hilo la mwisho. Hadi leo hajaamua, na nyumbani bado hawajui.

Jumamosi nilienda kwa fundi wa magodoro hapa mtaani nikanunua la tatu kwa sita. Keja yangu ni chumba kimoja, limekaa nyuma ya mlango na halifungui vizuri tena. Binamu hajui kwamba liko.