Waridi la Jabal Akhdar
Mwezi wa Aprili tulipanda Jabal Akhdar, Oman, kimo cha mita 2,000 hivi, kupiga picha za mawaridi. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijakausha harufu yake. Kisha hupikwa chunguni, na mvuke upoapo huwa marashi. Tulipiga picha nyingi za maua, wala hata moja haikuturidhisha. Ndipo mzee mmoja mchumaji, tulipomwomba idhini, alipokubali tumpige picha, kapu la maua mapajani. Uso wake ulitukumbusha marehemu baba yetu, ambaye hakutuachia picha hata moja. Enyi wenzetu, wapigeni picha wazee wenu wangali hai. Waridi hurejea kila mwaka.