Mvua ya Endebess

Mama yangu yuko Endebess, chini ya Mlima Elgon, katika nyumba ya mabati. Mimi humpigia kwa kompyuta nikiwa Nairobi. Siku moja mvua ikinyesha alinitajia tarehe ya kupasuliwa jicho kule Kitale. Nilisikia mabati tu, nikakosa kwenda.

Nikamnunulia hedifoni za bei. Kumbe hazina kipaza sauti! Ukinunua, hakikisha kipo, tena kinafika karibu na mdomo. Tazama plagi pia: zikiwa mbili, ya kijani ni ya kusikia, ya waridi ni ya kusema, ilhali kompyuta ndogo nyingi zina tundu moja. Za USB hazina taabu hiyo. Na zisimbane mzee masikio, atazivua.

Juzi mvua ilirudi. Mama akasema, bila kupaza sauti, jicho la pili ni mwezi ujao. Nikaandika tarehe.