Mkono Usiozunguka

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako hamna mashine ya kuosha vyombo, na mikono ya wanao ndiyo mashine yako. Hata hivyo nakuomba unisikilize, kwani kisa hiki hakikukomea kwenye mashine.

Mashine yetu aliileta mwanangu anayefanya kazi Muscat. Mzee wa Mombasa kama mimi kuwa na kitu kama hicho jikoni ni jambo la fahari, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona. Kijitabu cha maelezo nilikifungia kabatini, nikamwambia binti anayetusaidia kazi za nyumbani: "Wewe panga vyombo, ufunge mlango, ubonyeze. Ndani usiguse kitu, utaharibu." Akajibu, "Haya, baba."

Miezi ikapita. Siku moja tulipokuwa na wageni, vyombo vilitoka na mafuta yake, na wali umegandia vile vile. Mashine ilinguruma, lakini ile mikono ya kurushia maji ilisimama pale pale. Nikapandwa na hasira. Mbele ya wageni nikamwambia yule binti kwamba ni uvivu wake, kwamba gharama ya fundi itatoka katika mshahara wake, na mwisho wa mwezi arudi kwao. Hakujibu. Aliinama akaendelea kusugua masufuria.

Usiku mama watoto akaniambia, "Umehukumu kabla ya kutazama." Sikulala vizuri. Alfajiri, baada ya sala, nikakitoa kijitabu kabatini, nikachomoa umeme, nikaketi sakafuni.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa mikono ile haina mota. Pampu husukuma maji ndani ya mkono, ambao ni mtupu kama bomba; maji hutoka kwa vitundu vilivyoelekezwa upande, na nguvu ya kutoka kwake ndiyo inayousukuma mkono uzunguke. Basi maji yakikosa nguvu au njia ikizibwa, mkono husimama.

Nikauzungusha mkono wa chini kwa kidole. Ukagonga ukingo wa sinia. Sinia lile nililishindilia mimi mwenyewe, ili wageni waone mashine inavyobeba kila kitu kwa mara moja.

Nikaliendea chujio lililo chini. Nililizungusha, nikalinyanyua. Lo! Wali, iliki, vipande vya mdalasini, na utando wa mafuta juu yake. Chujio likiziba, pampu haipati maji ya kutosha ya kusukuma. Nikaliosha kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu.

Kisha nikautoa mkono wa juu. Vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe. Maji ya kisima chetu hupita katika mawe ya matumbawe, hivyo yana chokaa, na yakipata moto chokaa hugandama, kama uonavyo ndani ya birika. Nikauroweka mkono katika siki nyeupe yenye vuguvugu, nikazibua vitundu kwa kijiti cha meno, nikausuuza mpaka maji yakapenya kote. Kijitabu kilieleza kuwa mashine hii ina mahali pa kutilia chumvi yake maalumu ya kupunguza chokaa, wala si chumvi ya mezani. Mahali hapo sikupata kupafungua hata siku moja. Kadhalika kilionya juu ya sabuni ya kawaida, kwani povu likizidi pampu husukuma povu badala ya maji.

Nikarudisha kila kitu, nikahakikisha mikono imekaa sawasawa na haigusi chombo. Mkono wa chini nikauelekeza mlangoni, nikafungulia mashine. Baada ya dakika chache nikaisimamisha, nikangoja maji yatulie, nikafungua. Mkono ulikuwa umeelekea upande mwingine. Ulikuwa umezunguka. Lau ungebaki pale pale, hapo ndipo ningemwita fundi atazame pampu na njia ya kuingizia maji.

Furaha yangu haikudumu. Nilimwita yule binti, nikamwambia, "Binti yangu, nimekukosea. Nisamehe." Akanitazama, akasema taratibu: "Baba, nililiona chujio limejaa tangu zamani. Lakini uliniambia nisiguse."

Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Alikuwa ametii amri yangu, nami nilitaka kumwadhibu kwa kutii.

Kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu, niliwaalika watu wale wale, nikaomba radhi mbele yao. Mshahara wake haukuguswa. Kijitabu nikampa yeye, na tangu siku hiyo chujio huoshwa kila wiki. Yeye hunikumbusha chumvi inapokwisha, nami husema, "Haya, binti."

Ndugu msomaji, ni wangapi majumbani mwetu tunaowakataza kugusa, kisha tukawalaumu kwa kilichoharibika? Mtoto, mke, mtumishi, kila mmoja huenda ameuona uchafu kabla yetu, ila tumemfunga mdomo. Kitu kikisimama nyumbani kwako, kabla hujamnyooshea mtu kidole, chomoa umeme, uiname, utazame ndani. Huenda ukakuta sinia lililozuia ni lile uliloliweka wewe.