Mgema Kalitia Hewa

Babu yangu alikuwa mgema. Kule kwetu Kilifi alipanda minazi asubuhi na jioni, kisu kiunoni na kibuyu kikining'inia, akikata ncha ya karara kipande chembamba kama ukucha ili tembo lisiache kutiririka. Mimi nilizaliwa Mombasa, nikasomea Mombasa, nikamaliza Form Four kwa alama ambazo sizitaji mbele ya wageni, na mnazi sijaupanda hata mmoja. Nilichojua ni kuandika hadithi kwenye madaftari ya kurasa 96. Basi, ndugu msomaji, ukisikia kwamba na mimi nimekuwa mgema, tena wa miti iliyosimama ndani ya theluji, usicheke mpaka nimalize.

Ni huku Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nilikuja kwa shangazi yangu anayekaa Winooski, mji mdogo ambao ukiingia dukani waweza kusikia Kiswahili cha Kongo upande huu na cha Wasomali Wabantu upande ule. Kupitia mtu wa kanisani kwa shangazi nikapata kibarua kwa mzee mmoja Mzungu mwenye msitu wa mepo. Mepo ndio ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Utomvu wake ukiutazama ni maji matupu, na sukari yake ni kama sehemu 2 tu katika 100. Unauchemsha na kuuchemsha, lita 40 zikupe lita 1 ya shira. Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, waliijua kazi hiyo kabla Mzungu hajaja.

Nilidhani nitapewa ndoo. Ndoo zipo, lakini nyingi siku hizi ni za picha za kalenda. Mimi nilipewa marobota ya mipira ya plastiki, drili, nyundo na chupa ya chai.

Hiyo chupa ikumbuke.

Kazi yenyewe ni hivi. Waya unakazwa kutoka mti hadi mti kuteremka mlima, na juu yake linafungwa bomba kuu, likiinama angalau mita 2 kwa kila mita 100, maana utomvu uliotuama huchacha. Kutoka bomba kuu inatoka mipira myembamba, kila mmoja unakusanya miti michache tu, mitano ikizidi sana. Mti unautoboa tundu la kina cha sentimita 4 hivi, umelielekeza juu kidogo ili lijimwage. Unatazama unga wa mbao unaotoka kwenye drili: ukiwa mweupe kama machicha ya nazi, vizuri, ukiwa wa hudhurungi umeangukia kovu la mwaka mwingine, hapo hupati kitu. Kisha unagonga kimdomo cha plastiki polepole mpaka mlio wa nyundo ubadilike, uwe mzito. Ukibadilika, acha. Pigo moja la ziada linapasua mti.

Halafu chini mlimani iko pampu ya ombwe, yaani ya kutoa hewa. Wengi wanadhani pampu inaufyonza mti kama mtoto na soda. Sivyo. Usiku mti ukiganda na mchana ukayeyuka, presha ndani yake hupanda, ikausukuma utomvu nje kwenye tundu. Presha ya ndani ikishalingana na ya nje, basi, umekoma. Ujanja wa ombwe ni kuishusha ile ya nje. Hewa ikitolewa mabombani, mti unaendelea kutoa hata saa ambazo ndoo ingekaa kavu. Geji inasoma kwa inchi za zebaki, na kila inchi moja ukiongeza, utomvu huzidi kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Ndiyo maana tundu dogo la hewa huku ni kama mwizi.

Sasa ile chupa. Mpira huu kwenye baridi unakuwa mgumu kama pembe, na ili uingie kwenye kiungio mpaka mwisho lazima uchovye ncha yake kwenye maji moto. Wiki ya kwanza nilichovya kila ncha, mzee akaja akavuta viungio kimoja kimoja, hakuna kilichochomoka. Akamwambia kibarua mwenzangu, nami nasikia, kwamba hajapata kijana mwenye mikono kama yangu. Wallahi nilirefuka siku ile.

Unaijua methali. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Babu aliichukia methali hii kuliko matusi, alikuwa akisema waliitunga wanywaji. Wiki ya pili nikaanza kuwahi. Maji yalikuwa yakipoa upesi, na kurudi bandani kuchemsha mengine ni dakika arobaini kwenye theluji ya magoti. Wiki ya tatu ile chupa niliijaza chai. Chai ya maziwa na tangawizi, nakunywa nikitazama milima, naandika sentensi za riwaya kwa penseli kwa kuwa wino uliganda. Mipira niliisukuma kwa nguvu za kifua. Ikiingia nusu, nasema imeingia.

Ilikuwa Februari 2024. Siku ya kwanza utomvu kutoka, geji ya pampuni ilisoma 26. Mwisho wa mstari wangu, 17. Mzee alikunja uso, akasema ni kindi, maana kindi huitafuna mipira hii kweli. Nikasema, "Ndiyo, ni kindi."

Siku mbili tulizunguka naye tukitafuta alama za meno. Ana miaka zaidi ya sabini, goti lake moja bovu, anapanda mlima ameshika matawi. Mimi nyuma yake, nimebeba mfuko wa viungio vipya, najua. Ndani ya mipira yangu mapovu yalikuwa yakikimbia, na penye mapovu yanayokimbia pana hewa inayoingia. Hata mtoto angeyaona, lakini macho yake mzee hayaoni vitu vidogo. Kama angenifukuza, ningemwambia nini shangazi? Kodi tulikuwa tunachangia.

Siku ya tatu redio ilitangaza kesho itakuwa siku nzuri, usiku wa baridi kali kisha jua. Siku kama hizo ni chache mno kwa msimu mzima. Mzee akasema twende tena tukamtafute kindi wetu. Akaanza kuvaa viatu vya thelujini, akalishika goti.

"Hakuna kindi," nikamwambia. "Ni mimi."

Alikaa kimya. Kisha akaniuliza, "Chupa iko wapi?" Nikamletea. Akaifungua, akanusa, akaitazama tangawizi iliyoganda kwenye kizibo.

Hakunitukana. Alisema saa nitakazotumia kurekebisha hazilipwi, akawasha jiko.

Tulipanda saa tisa mchana. Alikataa kubaki. Pampu iliachwa ikinguruma, na sisi tukawa tunasikiliza, maana kiungio kibovu hutoa mlio kama mtu anayenyonya meno. Kila nilipousikia nilikata ncha iliyolegea, nikachovya, nikasukuma mpaka mwisho. Giza lilipoingia tukawasha tochi za kichwani. Vilikuwa viungio 61. Nilivihesabu kwa penseli kwenye daftari la riwaya, mistari mitano mitano, juu ya sura ya tatu. Saa nne na nusu usiku geji ya mwisho wa mstari ilisoma 24. Mzee akasema inatosha, twende tukalale.

Jumapili nilimpigia nyanya Kilifi nikamsimulia yote, hata chai. Nilitarajia pole. Akaniambia babu yako alilitia maji kweli, mwaka ule wa karo ya baba yako, msimu mzima.

"Na wanywaji walijua?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka simu ikakatika.