Taa ya Makatumbe

Mzumbe tulikuwa watoto wa milimani. Ukifungua dirisha asubuhi kwenye nyumba za watumishi wa chuo, Uluguru hiyo hapo, nusu imo ndani ya wingu, na harufu ya majani mabichi inaingia mpaka jikoni. Chuo kilikuwa hakijawa Chuo Kikuu, jina hilo lilikuja mwaka 2001. Sisi tulikiita IDM. Desemba wanachuo wakiondoka, baba alipata likizo, na zamu ya bahari ikawa imefika.

Alfajiri tulisimama Sangasanga, barabara kuu ya Iringa, na kapu la magimbi, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi za mama mkubwa aliyeolewa Kigamboni. Mjini tukapanda basi la Abood. Mikese, kisha Chalinze, ambako madirisha yote yalijaa mikono ya wachuuzi: mayai ya kuchemsha, korosho, mahindi ya kuchoma. Tukishapita Mlandizi, upepo ulioingia ndani ya basi ulikuwa mwingine, mzito, wa kunata shingoni.

Feri, penye kivuko cha kwenda Kigamboni, ilianza na harufu. Samaki, dizeli, pweza anayechemka kwenye sufuria, jasho la wapagazi. Pantoni ilipoinua mlango wake wa chuma jogoo aliwika, abiria wakaangua kicheko, na mdogo wangu akajificha ndani ya kanga ya mama. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere, watu wanavuka wameketi kwenye magari yao. Wanafika upesi, sikatai. Ila ule upepo wa mlango wa bandari hawaupati.

“Shikamoo mama mkubwa!”

“Marahaba wanangu. Mmekuwa weusi au ni vumbi la Chalinze?”

Alikuwa ameshakaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Kwake tulikula mihogo ya nazi asubuhi, changu wa kupaka mchana, na kati ya hapo tulikuwa majini. Maji yakipwa tuliokota makombe na kufukuza kaa. Mama, mzaliwa wa Mgeta milimani, hakuingia zaidi ya magoti. Alishika kanga kwa mikono miwili, akisogea hatua moja mbele. Wimbi likija anarudi mbili, anapiga ukelele, anacheka mpaka machozi. Nyumbani, kati ya kuni na madaftari yetu, sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

Usiku tulitandika mkeka uani, upande wa baharini, kaskazi ikivuma. Ndipo taa ilipoanza. Mnara ulikuwa kisiwani, Makatumbe ya Nje, umesimama hapo tangu zama za Wajerumani. Inawaka, inazimika. Tulibana pumzi mpaka iwake tena, na aliyepumua mapema akapigwa konzi.

“Nani anaiwasha?” mdogo wangu aliuliza.

“Lala,” alisema baba mkubwa, mvuvi wa mshipi, mtu wa maneno machache. Baadaye, sisi tukidhani kasinzia, akaendelea: “Pale pana miamba. Nahodha akiiona taa anajua apite wapi kuingia bandarini. Mimi nikiiona najua nyumbani ni huku.”

Usiku mwingine alituonyesha taa nyingine, ndogo, zimetulia mbali. Meli ya Flying Horse hiyo, imetoka Unguja, inangoja kuche iingie. Niliwaza watu waliolala mle, kila mmoja na mzigo wake, wakiitazama taa ileile kutoka upande wa pili.

Kurudi, mizigo ilikuwa nazi, ng'onda na chupa ya maji ya bahari aliyoagiza bibi kwa ajili ya miguu yake. Chupa niliipakata mimi, mpaka Mgeta. Bibi aliifungua, akachovya kidole, akaonja, akakunja uso.

“Chumvi yote hii ipo bure,” alisema, “na dukani wanatuuzia kwa kijiko!”